Magoti ya Mjomba wa Lukasi

Ugonjwa wangu ulianzia ndani ya kiatu cha kulia. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi mtakaosoma haya mtakuwa, kama mimi, mmeshalaumu viatu, godoro, umri, jirani na mashetani kabla ya kumfikia daktari anayehusika. Mimi nilimlaumu fundi viatu wa Newala. Nilimrudishia kiatu chake nikamwambia amekibana makusudi. Akakivaa, akazunguka nacho kibanda chote, akanirudishia. Akasema kiatu ni kizima, labda mwalimu alete mguu.

Nikamletea mguu. Kidole cha pili kilikuwa kimevimba chote, kuanzia shinani hadi kwenye kucha, kinang'aa na hakikunjiki. Fundi alikitazama, akarudi kushona begi la mtu. Alisema yeye anatengeneza viatu tu.

Nafundisha shule ya msingi huku Mkunya, juu ya uwanda, ingawa kwetu ni Chidya, kule chini upande wa Masasi. Mimi ni Mmakua na nimeoa Mmakonde. Maana yake ni kwamba nimezungukwa na watani pande zote, hadi jikoni. Nikijikwaa njiani, kuna mtu mwenye haki ya kucheka, na hairuhusiwi nikasirike. Wakati wote nilipokuwa sina tatizo niliipenda sana desturi hii.

Ngozi yenyewe ilikuwa imeanza zamani kabla ya kidole. Nilikuwa na magamba meupe kwenye viwiko, magotini na kichwani, yanayowasha na kupukutika. Huku kwetu kila mtu alijua sababu. Msimu wa kupulizia mikorosho, walisema ni salfa. Msimu wa kubangua, walisema ni mafuta ya ganda la korosho, nimejipaka bila kujua. Masika ilipofika na hakuna salfa wala ganda, walisema ni maji ya mvua. Mimi mwenyewe sikuhangaika. Unga wa ngozi na unga wa chaki una rangi moja, na mwalimu mwenye mabega meupe huonekana mchapakazi.

Lakini kidole kikaita wenzake. Likaja goti la kushoto, la kulia, kifundo cha mkono, kisha vidole viwili vya mkono ninaoandikia. Asubuhi nilikuwa siwezi kukunja ngumi. Kengele ya kuingia darasani ilikuwa inanikuta bado nabishana na vifungo vya shati. Mke wangu, Mama Tecla, ndiye aliyekuwa akinifunga. Alinifunga shati, akanifunga kamba za viatu, akanifungia na suruali, kisha akaenda shambani kuokota korosho peke yake, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haiwezi hata kunyofoa korosho moja kwenye bibo lake. Siku moja nilimwambia anavuta kamba ya kiatu kwa nguvu mno. Aliifungua aliyokwisha kuifunga, akafungua na ya pili, akachukua kikapu akaondoka. Siku hiyo nilifundisha na malapa.

Hospitali nilianzia Masasi. Sijui kama mmewahi kukaa kwenye benchi la kungojea daktari mkiwa na ugonjwa unaoonekana. Mwenye tumbo hukaa kimya na tumbo lake. Mimi nilikuwa na vidole nje na viwiko nje, na benchi zima likanihudumia bure. Bibi mmoja aliniambia nipake mafuta ya nyonyo. Baba mmoja akasema hayo ni mambo ya kutupiwa, na akanitazama usoni kuona kama namjua aliyenitupia. Dada aliyekuja na mtoto mwenye homa alinishika kidole, akakibonyeza, akauliza, "Hapa panauma?" Nilipiga kelele hadi mtoto akaacha kulia.

Ndani niliambiwa ni gauti. Nikapewa dawa na orodha ya vyakula vya kuacha: nyama nyekundu, maharage, dagaa, na mtu mwingine barabarani akaniongezea mbaazi. Nilimsomea Mama Tecla.

"Sasa umebaki na nini?" akauliza.

"Muhogo. Kisamvu. Ming'oko ya porini."

"Muhogo na hewa," akasema, akaenda kuchochea moto.

Nilikula muhogo na hewa masika nzima. Nilikonda, suruali zikaanza kunikimbia, lakini vidole havikujua habari hizo, vilizidi kunenepa. Waliofurahia walikuwa watani tu. Mkubwa wao ni Mzee Alfani, jirani yangu, mkulima wa Kimakonde aliyenipita umri sana, lakini kwa sababu ya utani wetu hata shikamoo yangu huwa anaikataa. Alikuwa anakuja jioni, anakaa mbele yangu na bakuli la nyama ya mbuzi, anakula polepole.

"Ntani," anasema kwa lafudhi ya kwao, "nakulia na wewe. Ntu asikose kabisa."

Hapo ndipo inapoingia habari ya mpwa wangu, na naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu magoti yangu yasingekuwa na maana sana bila yeye.

Dada yangu Agnesi, Mama Lukasi, anakaa Chidya. Mimi ndiye kaka yake pekee. Kwetu, mtoto wa kiume akimaliza jando, siku ya kutoka hatembei kurudi nyumbani. Anabebwa mabegani na mjomba wake, mbele ya watu wote, kutoka walikokuwa hadi kwa mama yake. Familia yetu ni ya kanisa tangu enzi za mababu, kwa hiyo siku hizi tohara inafanyika hospitali na padri anawabariki vijana, lakini mabega ni yaleyale. Baba wa mtoto anaweza kuwa tajiri, anaweza kuwa diwani. Siku hiyo anakaa pembeni. Mimi nilibebwa na mjomba wangu. Nakumbuka jinsi nilivyoona mapaa ya nyumba kutoka juu, na jinsi nilivyodhani hakuna mtu mwenye nguvu kuliko yule. Lukasi alikuwa zamu yangu.

Jando lake lilipangwa kipupwe cha mwaka huo. Dada alikuwa hajui hali yangu. Kwenye simu nilimwambia nina "maumivu kidogo ya mguu." Nilikuwa nangojea muujiza wa gauti.

Asubuhi moja ya kipupwe hicho nilijilaza kwenye mkeka nje, nipate jua. Mzee Alfani akaja na mti mrefu wa muhogo. Akaulaza kando yangu, kuanzia utosini hadi kisiginoni, akaukata alama kwa kisu.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nakupima kaburi. Wewe ntu nrefu. Kesho nachimba, nikikosea itabidi tukukunje, na magoti yako hayakunjiki."

Nilicheka, kwa sababu ndiyo desturi, na kwa sababu kweli ilichekesha. Akauweka mti begani, akaondoka nao barabarani akiimba nyimbo za msibani kwa sauti ya kukatisha tamaa. Alipofika njia panda, kijana wa bodaboda aliyekuwa anashuka Chidya akamwuliza, "Babu, huo mti wa nini?"

"Wa kupimia kaburi la Mwalimu Basili," akasema Mzee Alfani, akaendelea na wimbo.

Sasa fikirieni. Huku kwetu mtani ndiye anayeshika shughuli za mazishi. Ndiye anayechimba, anayesumbua wafiwa, anayedai chake. Mtani akionekana barabarani na mti wa kupimia kaburi, anaimba, nani atadhani ni mzaha? Kijana alifikisha habari Chidya kwa dada yangu kabla ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo nimejaribu kumlaumu kijana yule, nimeshindwa.

Kesho yake asubuhi Mama Tecla alikwenda kuteka maji, na huku kwetu uwandani kwenda kuteka maji ni safari. Mimi nikaenda chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa niliweza. Kunyanyuka ndiko kulikokataa. Goti la kushoto lilifunga kabisa. Nilishika ukuta, nikavuta, nikakaa tena. Nikaamua nimsubiri mke wangu humohumo.

Nikiwa humo nikasikia gari. Halafu nikasikia kilio. Si cha mtu mmoja. Cha gari zima. Walikuwa wanaingia uani wanaliita jina langu. Sauti ya dada yangu niliitambua, na ya shangazi, na ya wanakwaya wa Chidya wakianzisha wimbo. Walisukuma mlango wa nyumba, wakakuta hakuna mtu.

"Wameshamchukua!" dada akalia. "Wameshampeleka bila kuningoja!"

"Niko huku!" nikaita.

Kilio kilikuwa kikubwa mno. Nikaita tena, kwa sauti ya gwaride. "Dada! Niko huku chooni!"

Uwanja ukanyamaza. Nikasikia miguu inakimbia, lakini si kuja kwangu. Nilipata habari baadaye kwamba soprano wote waliishia kwenye shamba la jirani. Aliyekuja ni dada peke yake, na hata yeye alisimama mbali na mlango.

"Basili, ni wewe?"

"Ni mimi. Shikamoo dada."

"Marahaba," akasema, kwa woga. "Mbona hutoki?"

Hapo ndipo iliponibidi nimwambie ukweli. Nilimwambia nimeshindwa kunyanyuka. Mzee Alfani, aliyekuja mbio aliposikia kilio akidhani amefiwa kweli, ndiye aliyeingia akanishika makwapani akanitoa, huku akilaumu kwamba maiti za Kimakua ni nzito. Dada alinitazama nikitembea kutoka chooni hadi kwenye mkeka, umbali wa kurusha kitambaa. Alitazama viwiko vyangu, mikono yangu. Kisha akakaa chini akalia upya, na kilio hiki hakikuwa cha msiba, kilikuwa changu mimi niliye hai, na kiliniumiza zaidi kuliko kile cha kwanza.

Waombolezaji walikuwa wamekuja na unga na sufuria, wakapika, tukala msiba wangu wote. Mzee Alfani alidai ujira wa kaburi na akapewa kuku. Lukasi naye alikuja. Alikuwa mtoto mpana, ana mabega ya mtu mzima. Alisimama mbele yangu akanitazama magoti kwa heshima, jinsi watu wanavyotazama gari lililoharibika.

"Mjomba, utaweza?" akauliza.

"Nitaweza," nikasema. Nilikuwa sijui kama nasema kweli.

Jioni dada aliniambia alichoamua. Jando litasogezwa hadi kipupwe kijacho. Zaidi ya hapo haliwezi kusogea, kwa kuwa mtoto anakwenda sekondari na wenzake watamcheka. Ikifika siku hiyo nikiwa bado hivi, atabebwa na Yohana, binamu yetu wa mbali, mtu mwenye mgongo mzuri na asiye na kosa lolote. Nilimchukia Yohana mwaka mzima.

Msimu wa korosho ulipokwisha tulikwenda Dar es Salaam, mimi na Mama Tecla, kwenye hospitali kubwa ambako kuna daktari wa viungo. Chumba cha kungojea kilinishangaza. Kwa mara ya kwanza niliona watu wanaoinuka kwenye kiti kama mimi: kwanza mikono, halafu uso kukunjamana, halafu mwili. Hakuna aliyetoa ushauri. Mama mmoja mwenye vidole kama vyangu alinionyesha tu jinsi anavyofungua chupa ya maji kwa meno, nami nikamwonyesha jinsi ninavyoshika chaki kwa kiganja. Tulikaa tukibadilishana ujanja hivyo mpaka tukaitwa.

Daktari alikuwa binti mdogo. "Shikamoo mwalimu," akasema, na badala ya kutazama goti, akachukua mkono wangu akatazama kucha.

"Hivi vishimo kwenye kucha vina muda gani?"

"Nilidhani ni chaki."

"Magamba yako kwenye viwiko tu?"

"Na kichwani. Hayo ni mambo mengine, daktari. Hayo ni salfa."

Akatabasamu. Akasema si mambo mengine. Ngozi, kucha, kidole cha ndani ya kiatu na magoti, vyote ni ugonjwa mmoja, una jina, na kuna dawa yake. Haukuwa gauti. Kama hujawahi kuumwa na kitu kisicho na jina hutaelewa kwa nini mtu mzima, mwalimu, mzee wa kanisa, atataka kulia kwa furaha akiambiwa ana ugonjwa wa kudumu.

"Kwa hiyo anaweza kula mbaazi?" akauliza Mama Tecla.

"Anaweza kula anachotaka."

Mama Tecla alinitazama kwa macho yanayosema masika nzima.

Daktari alianza kunipa vidonge vya mara moja kwa wiki, akaniuliza kama nakunywa pombe, kwa sababu vidonge hivyo na pombe havipatani. Nikamjibu kwamba mimi ni mzee wa kanisa.

"Sikuuliza hilo," akasema.

"Msimu wa mabibo," Mama Tecla akamweleza, "mzee wa kanisa huwa anapumzika kidogo."

Nikaacha na pombe ya mabibo nayo.

Vidonge vilisaidia ngozi kiasi, na vidole viwili vya mkono vikaanza kukunjika. Magoti yalikataa. Tuliporudi kliniki, daktari akasema sasa tujaribu sindano za dawa za kibaiolojia. Alinieleza zinavyofanya kazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, kwa hiyo nilitikisa kichwa katika sehemu zote zinazofaa. Nilichobaki nacho ni kwamba kinga ya mwili wangu imekuwa ikinipiga mimi mwenyewe, na sindano itaituliza. Na kwa kuwa itakuwa imetulizwa, nikiona homa nisijifanye mwanaume, niende hospitali.

Ninyi mtakaofika hapo, jiandaeni kungoja. Kabla ya sindano nilipigwa picha ya kifua na kupimwa kifua kikuu, maana kama kimejificha mwilini dawa hii inaweza kukiamsha. Nilikaa tena kwenye benchi, safari hii na wanaokohoa, na habari zikapanda uwandani kabla yangu kwamba Mwalimu sasa ana TB. Watu wa bima nao walikuwa na maswali yao, yakala sehemu kubwa ya masika. Nilikuwa natazama mvua na kumwona Yohana, mgongo wake mzuri, akinyoosha mabega.

Sindano ya kwanza nilichomwa kliniki, pajani. Nesi akamfundisha Mama Tecla jinsi ya kunichoma nyumbani, na mke wangu akajifunzia kwenye papai. Alilichoma papai lile kwa moyo wote. Ushauri wangu kwa wanaume wenzangu: siku ya sindano msigombane na mtu wa nyumbani. Subirini kesho yake.

Tatizo likawa friji. Sindano hizi zinataka ubaridi, si sana, si kidogo, na sisi hatuna friji. Mkunya nzima mwenye friji la kuaminika, mbali na duka la soda linalofunguliwa kila dakika, ni Bi Zuhura anayeuza barafu za ubuyu. Nilimkabidhi boksi langu kwa adabu zote. Nikamwambia liwekwe chini, kwenye ubaridi, lisiguse barafu. Akaliweka chini. Akalifunika hata kwa kitambaa.

Umeme ukakatika mchana mmoja. Uliporudi, Bi Zuhura alishika boksi, akalikuta na joto kidogo, roho ikamwuma.

"Niliona limeteseka, mwalimu," alinieleza. "Nikalipandisha juu kwenye barafu lipumzike, lifidie ule ubaridi lililokosa."

Lilifidia vizuri. Sindano zilikuwa zimeganda kama barafu za ubuyu zilizolala kando yake. Nikampigia daktari. Akasema zikishaganda haziyeyushwi, hazichomwi, ni za kutupa. Nilizitazama pale mezani, zimekaa pamoja na barafu nyekundu za watoto, na kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wote nilikasirika kweli, hadi nikakosa mtu wa kumkasirikia. Bi Zuhura alikuwa analia. Ilibidi nimbembeleze mimi. Jando lilikuwa limekaribia, na miguu ilikuwa imeanza tu kusikia ile sindano ya kwanza.

Nyingine zikapatikana, zikatumwa hadi Masasi. Mimi sikuweza kukaa kwenye bodaboda kwa umbali huo. Akajitolea Mzee Alfani. Aliazima deli la muuza barafu, lile boksi la kutunza ubaridi linalobebwa mabegani, akalijaza vipande vya barafu na kuzungushia kanga ili sindano zisiguse. Kutoka Masasi, kupita Newala mjini, hadi Mkunya, kila boda iliposimama watoto walimfuata wanadai barafu. Mwanzoni aliwafukuza. Baadaye akachoka, akawa anapaza sauti tangu mbali, "Zimeisha! Zote amekula Mmakua nnoja huko juu!"

Alipofika kwangu alilishusha deli taratibu, kwa mikono miwili, hakutania. Aliniambia, "Chomwa, ntani. Yule ntoto ni nzito." Kisha akajikumbuka, akadai nauli ya maiti. Hizo nyingine tukaziweka kwa Bi Zuhura tena. Safari hii aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa friji kwamba atakayepandisha boksi hilo juu hatazikwa naye.

Ahueni haikuja na tarumbeta. Asubuhi moja nilitoka nje kuangalia kuku, nikafika bandani, ndipo nikagundua kwamba sikushika ukuta. Siku nyingine nilivaa shati. Mama Tecla alikuja na mikono yake tayari, kama kawaida, akakuta vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni. Alisimama pale na mikono hewani.

"Sasa mimi nifanye nini?" akasema, na alipogeuka kwenda jikoni niliona anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Nisiwadanganye. Sijapona. Kuna asubuhi ambazo mwili unakumbuka. Vidole viwili vimebaki vimepinda kidogo na havitanyooka. Magamba yamebaki mawili matatu kwenye kiwiko. Naambiwa kuna watu wasiosaidiwa na dawa hii ya kwanza, wakabadilishiwa. Mimi nilibahatika.

Kabla ya siku yenyewe nilimpigia daktari, nikamweleza nataka kubeba mtu mabegani.

"Ana kilo ngapi?"

"Hatujathubutu kumpima."

Akapumua. "Beba, pumzika, beba tena. Goti likianza kuchoma, mshushe. Sitaki ushujaa, mwalimu."

Basi tukashuka Chidya. Vijana walitoka kanisani wamevaa suti mpya na miwani nyeusi, kila mmoja na mwavuli wake, vigelegele kila upande. Wajomba tukapangwa mstari, tukachuchumaa. Yohana alikuwa amesimama karibu na dada, amevaa raba, tayari. Alinisalimu vizuri. Sikuwa na sababu hata moja ya kumchukia.

Lukasi akapanda. Mwaka mmoja ulikuwa umemwongeza huku na huku. Wajomba wengine wakanyanyuka mmoja mmoja, nami nikabaki chini. Ngoma zikapunguza. Nilimwona dada ameweka mkono mdomoni. Nilihisi goti la kushoto linawaza.

"Mjomba," Lukasi akaninong'oneza kutoka juu, "nishuke? Nitasema mimi ndiye sikutaka."

"Kaa," nikamwambia.

Nyuma yangu Mzee Alfani akaanza kunitukana. Alinitukana mimi, akaitukana Chidya, akaitukana mihogo yetu, akasema Wamakua wote hunyanyuka kwa kamati. Watu wakaanza kucheka, na mimi nikaanza kucheka, na sijui ni dawa, ni kicheko au ni aibu, nikajikuta nimesimama. Lukasi alikishika kichwa changu kwa mikono yote miwili. Kwa sababu ya magamba, miaka mingi hakuna aliyenishika kichwani. Nililia bila kujificha, nikatembea. Nilipumzika mara mbili njiani, mara zote kwa kuinama na kushika magoti, mtoto akiwa juu bado, mwavuli wake ukinigonga puani. Nilimfikisha. Nilimshusha kwenye mkeka wa mama yake, kwa miguu yake yote miwili.

Kesho yake nilishindwa kugeuka kitandani. Nilitoka nje kwa kushika mlango, nikajiburuza hadi barazani, moyo umezama, nikidhani nimeharibu kila kitu. Pale barazani niliwakuta wajomba wengine. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi anakandwa mgongo na mkewe. Mwingine alikuwa anatembea kama anayevuka moto. Wa tatu aliniuliza kama sina dawa ya kuchua, akajishika kiuno, akamtaja mpwa wake kwa jina lisilofaa kuandikwa. Nikasogezewa kigoda. Nikakaa katikati yao, nikaguna pale walipoguna.

Dada akatoka na chai. Aliponiona nimekunjamana uso, akalitua birika chini.

"Basili, umeanza tena?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Leo naumwa kwa sababu nimebeba mtu."